Karatasi Aliyoiegemea Bibi Yako

Skola mwanangu,

Sasa hivi umelitua bakuli la maji ya vuguvugu kwa kishindo, maji yakaruka mpaka miguuni kwa bibi yako, ukakamata ndoo ukatoka. Ulipofika uani ndipo ukasema, kwa sauti ya mtu anayesemezana na mbuzi, "Basi siendi mjini. Siwezi kwenda kumwambia Mwalimu Dismas kwamba nyumba zote zimetoa karatasi zao isipokuwa kwetu. Siendi."

Mimi nimebaki na kitambaa mkononi kinachuruzika. Bibi yako hakujibu. Amejivuta tu juu ya mkeka, mgongo akaubandika ukutani, akaiegemea ile karatasi ya gazeti iliyobandikwa hapo kama mtu anayezuia mlango kwa mwili wake. Kisogo chake kimekaa palepale kwenye jina langu. Nikamwambia, "Mama, sogea basi kidogo." Akasema, "Mgongo unaniuma. Hapa pana joto." Karatasi ina joto gani, Skola?

Kwa hiyo nimechomoa kurasa katika daftari lako la darasa la saba, nimekaa hapa kizingitini, mwanga bado upo. Najua bombani kwa misheni jioni kuna foleni, na najua ukinuna huwa unarudi kwa njia ndefu. Nina nafasi. Kwa mdomo nimejaribu tangu juzi, lakini kila nikifungua mdomo inatoka habari ya sabuni na kandambili. Hayo sitayaandika. Kuchemsha maji, kukaa na watu, kutokula vya barabarani, nimekuimbia mpaka umekariri, na mengine utayavunja, hata mimi ningeyavunja. Nataka nikuandikie habari ya siku ile ambayo mimi nilikuwa wewe.

Utanivumilia nikitaja na yale unayoyajua. Nikiyaruka nitapotea mwenyewe.

Mimi kusoma nilijifunzia ukutani. Shuleni tulikuwa wengi na kitabu kimoja tunakipokezana kama kata ya maji, lakini nyumbani kwetu ukuta mzima ulikuwa umeandikwa. Bibi yako alikuwa akipata *Kengele* kila ilipotoka. Gazeti lenyewe dogo, kurasa chache, linachapwa pale misheni kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino unatia vidole weusi mpaka Jumapili nyingine. Humo mna nani amebatizwa, nani anataka kuoana na nani, nani amefariki na aombewe, namna ya kukinga viazi na baridi, na barua za watu wa vigango vyetu vya juu wanaolalamikia njia. Halikuwa gazeti la watu wengi. Lilikuwa letu sisi wa huku, tusiofika hata kanisa kuu kwa mwaka. Katekista akishatusomea, bibi yako analibeba nyumbani, anapika uji wa muhogo mzito, anapaka, anabandika. Upepo wa Mgeta unaujua. Nyumba ya udongo isiyo na karatasi ndani, mtu analala amekunja magoti mpaka kidevuni.

Na kwa kuwa hajui kusoma, nyingine alizibandika kichwa chini. Ndiyo maana mimi na wewe tunaweza kusoma gazeti lililopinduliwa bila shida. Siku ile Mwalimu Dismas alipokuona ofisini kwa paroko unasoma karatasi iliyo mbele yake, kutoka upande wako wa meza, alishangaa kweli. "Huyu kafundishwa wapi?" Nikasema, kwa bibi yake.

Ila karatasi moja haiko kichwa chini. Ile. Katekista aliichorea msalaba mdogo kwa kalamu juu yake ili bibi yako ajue upande wa mbinguni. Umeisoma tangu ukiwa mdogo, ulikuwa unaiwekea kidole na kunicheka. "Tumwombee binti Tekla wa kigango cha juu, anayekwenda mjini kujifunza kazi ya kupiga chapa, ili gazeti letu lisife." Unasema, "Mama, ukuta unasema ulikwenda. Ulirudi lini?" Nami nakujibu, "Nilirudi kukuzaa wewe," tunacheka, yanaisha.

Hayajaisha. Sikuwahi kwenda.

Nilikuwa na umri kama wako huu. Mashine ya misheni ilikuwa imeanza kukorofisha na mzee aliyekuwa akiizungusha macho yamekwenda. Paroko wa wakati ule akasema achaguliwe kijana, apelekwe mjini akafundishwe, arudi ashike kazi. Nikachaguliwa mimi. Si kwamba nilikuwa na akili kuliko wengine. Nilikuwa nasoma kwa sauti bila kukwama, basi. Wakaniandika kwenye *Kengele*, na bibi yako akabandika hapo juu ya mkeka wangu wa kulalia, akawa anawaonyesha watu. Mtu amekuja kuomba moto, anaonyeshwa. Amekuja kuuliza jembe, anaonyeshwa. "Huyu ndiye mwanangu, anakwenda mjini." Anaweka kidole palepale penye jina, hakosei.

Siku yenyewe ikafika. Tukashuka alfajiri, mimi mbele na kikapu, yeye nyuma. Njia nzima hakusema neno. Mimi nasema, "Mama, angalia jiwe hilo," kimya. "Mama, kuku yule mweusi usimuuze," kimya. Tukafika barabarani, lori limeshapakiwa matenga ya kabichi mpaka juu, utingo anapiga kelele. Nikaweka mguu kwenye tairi nipande. Nikageuka. Nikasema, "Mama, nakwenda."

Hakuniitikia. Aligeuza uso akatazama mlimani, kanga ameibana mdomoni kwa mkono.

Skola, nikasema moyoni, hataki. Baba yangu tulikuwa tumemzika msimu uliopita. Mimi ndiye binti pekee tumboni mwake, na kwetu huku unajua shamba linafuata tumbo la mama. Nikiondoka mimi, nani atasimama kwenye matuta haya, wajomba watampa nani? Nikasema, ananiacha niende kwa kuwa paroko amesema, lakini moyo wake hautaki. Yule utingo akanipigia kelele, "Dada, unapanda au unatuaga?" Watu wa juu ya matenga wakacheka. Nikashusha mguu.

Tukarudi. Yeye sasa mbele, mimi nyuma. Akapika, tukala. Hakuniuliza na sikumwambia. Kesho yake tukaenda kupalilia njegere.

*Kengele* haikutoka tena. Ile ilikuwa ya mwisho. Mashine ilikaa na kutu, karatasi zikaacha kuletwa, na mara wakaja wachuuzi wapya wa mboga kila siku, biashara ikawa huria, kila mwenye gari anapanda mlima. Pamoja nao yakaja magazeti ya mjini ya rangi. Na pamoja nao akaja baba yako, ananunua koliflawa kwa mama zetu, anaongea vizuri, anajua kusifia hata karoti. Hayo nilishakusimulia na sina uchungu nayo tena. Aliponiacha na wewe tumboni nililia, halafu ulipozaliwa nikaacha. Nakwambia tu kwamba mtu aliyeshuka mwenyewe kutoka kwenye lori hupanda chochote kitakachosimama mbele yake baada ya hapo. Nilikuwa nimejifungia, yeye akapita, nikadhani ni mlango umefunguka.

Na kila usiku nikilala, ile karatasi iko juu ya kichwa changu inasema nimeondoka.

Hujui hiyo inavyokuwa. Huku ukitazama mbele ni mlima, ukigeuka ni mlima. Watu wa mjini wanatutazama kutoka chini, wanasema Uluguru unapendeza, angalia mawingu yale. Ndani ya yale mawingu ndimo tulimo sisi, tunapalilia, hatumwoni mtu. Kuna siku nilikuwa nashika jembe nasema, Tekla yule wa gazetini sasa hivi yuko mjini, anazungusha mashine, ana viatu. Namwonea wivu kama mtu mwingine.

Basi hata alipokuja Mwalimu Dismas na habari zake, nilimsikiliza kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Mtoto wa huku huku, anafundisha chuo kule chini Mzumbe, anasema yeye na wenzake wa kigango waliotawanyika wanataka *Kengele* zote ziingizwe kwenye kompyuta, ziwekwe kwenye mtandao, mtu akiwa popote asome jina la babu yake. Wazee walimwuliza, "Mtandao ndiyo upo wapi?" Akasema haupo mahali. Mzee mmoja akasema, "Basi hata sisi hatupo mahali, tutaelewana nao."

Za misheni zilikuwa zimeliwa na mchwa, karibu nusu. Zilizokosekana pale zilikuwa ukutani kwa watu. Ndiyo kazi tuliyoifanya mimi na wewe kiangazi chote, mwanangu, na sitaisahau. Unalowesha kitambaa maji ya vuguvugu, unakiweka juu ya karatasi, unasubiri uji wa muhogo ulainike, ndipo unaanza kona, polepole, kama unamvua nguo mtoto aliyelala. Wewe ndiye uliyesema tuanze kona za chini ili zile zilizokaushwa na moshi wa juu zisipasuke. Na kila karatasi tuliyobandua tukabandika nyingine ya mjini, mtu asibaki na upepo. Unamkumbuka yule mama wa kule kwenye mteremko wa plamu? "Mmenichukulia Bikira Maria wangu, mkaniletea msichana amevaa chupi na simu mkononi! Nitalala naye hivyohivyo ananitazama?" Ukamgeuza yule msichana kichwa chini. Akasema, "Hapo sawa, aone aibu yeye."

Tumezipata zote. Imebaki hiyo ya mwisho, na ya mwisho haiko kwingine; zilichapwa chache, karatasi zilikuwa zimekwisha. Mwalimu Dismas hajui kulazimisha, alisema tu, "Hii ikikosekana, gazeti litaonekana kama mtu aliyeondoka bila kuaga." Mimi ndiye niliyemwambia ipo kwetu. Na mashine anayozinakilia kuziingiza kwenye kompyuta, pale mjini, ni ya kuazima, inarudi kwa wenyewe wiki hii. Kwa hiyo ni kesho, pamoja na wewe, au basi.

Nikwambie na hili, ulisikie kwangu na si kwa mwingine. Ile nafasi ya kwenda kujifunza kompyuta huku unafanya kazi ya kunakili, aliniuliza mimi kwanza. Tulikuwa tumekaa nje ya ofisi. "Tekla, wewe ndiye umezibandua, kwa nini usije wewe?" Nikamwambia mimi mzee. Akacheka, "Mzee gani, hujafika hata arobaini!" Nikamwambia mama yangu miguu yake unaiona. Nikamwambia shamba. Nikamwambia, mchukue Skola. Sikukupa kwa sababu siitaki. Naitaka mpaka leo, nimeota kompyuta ambayo sijaigusa. Lakini usiibebe hii kama mzigo wangu juu ya kichwa chako. Nimeiandika ili ujue kwamba ulipewa kitu kizuri, hukupewa makombo.

Ndiyo maana uliposema siendi, moyo wangu umefanya kama mguu unaoteleza kwenye tuta. Nimeuona ule mguu wangu unashuka kutoka kwenye tairi. Kwa nini unashuka? Kwa kuwa bibi amenyamaza, ameegemea ukuta, na wewe umesema moyoni, hanitaki niende. Mimi na wewe tunasoma hata kilichopinduliwa, lakini uso wa yule mama hatujawahi kuusoma. Mimi nimeukisia tangu sijakuzaa.

Ngoja, Skola. Naweka kalamu. Nakwenda kumwuliza.

*

Nimerudi.

Nimekaa naye mkekani. Nikamwuliza, "Mama, siku ile pale kwenye lori, mbona hukuniitikia?"

"Lori gani?"

"Lori la kabichi. Mimi na wewe tunalijua."

Akavuta kanga mabegani. Nikadhani atasema baridi. Akasema, "Mtu anayeondoka haitikiwi. Ukimwitikia umemfunga kamba. Hata mama yangu hakuniitikia nilipoolewa."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Kwani hukuzaliwa humu?"

Nikamwambia, "Mama, mimi nilidhani unanikataza."

Skola, akanigeukia. Umri wangu wote hajawahi kunitazama hivyo. "Nikukataze, nina wazimu? Si nilikufungia viazi? Vile viazi vilikuwa vya mtu wa kupalilia njegere?"

Viazi, mwanangu. Alivipika usiku, akavifunga kwenye majani ya mgomba, vilikuwa kikapuni mwangu siku ile, bado vya moto. Tulivila pamoja tuliporudi. Nilivila na sikujiuliza vilikuwa vya safari ya nani.

Nikamwuliza, "Sasa mbona hukuniambia, tulivyorudi?"

"Ningekwambia nini? Niliona nimekuharibia." Akapiga ukuta nyuma yake kwa kiganja, tena bila kugeuka. "Hii. Safari haitangazwi. Mtu akikuuliza unakwenda wapi unasema hapo mbele. Mimi nikakubandika ukutani. Aliyekuja kuomba chumvi nikamwonyesha. Aliyekuja na deni lake nikamwonyesha. Nilikutangaza, nikakutangaza, mpaka njia yenyewe ikasikia ikajifunga. Ndipo ulipoweka mguu ukautoa. Nikasema, haya, umejitakia."

"Na miaka yote hii hukuibandua?"

"Nikibandua nimekufuta jina. Nikiacha inanitazama. Wewe ungefanyaje?"

Kumbe tumelala humu wote wawili, chini ya karatasi moja, mimi nimemtwika yeye kosa langu, naye amejitwika lisilo lake.

Halafu akasema lile ambalo ndilo ninataka ulisome mara mbili. "Sasa mnataka muibebe hiyo karatasi mkaionyeshe dunia nzima, na mjukuu wangu, mke mwenzangu, hajafika hata mtoni. Dunia nzima ijue kwamba huku kuna binti anaondoka! Mnataka na yeye arudi kutoka kwenye tairi? Mngoje kwanza afike. Akishafika, chukueni hata ukuta."

Hakukukatalia, Skola. Ameegemea kwa ajili yako. Ule mgongo uko pale kukukinga wewe.

Nikamwambia, "Mama, karatasi haikunirudisha. Njia haikufungwa. Ni mimi nilirudi mwenyewe kwa kukutazama uso nisikuulize." Akasema, "Mwenyewe?" Nikasema, "Mwenyewe." Nikamwambia dunia imeshapita hapo, safari ile ya gazetini ni ya mtu mwingine, imechakaa, haina nguvu ya kumfunga mtoto. Akauliza, "Na huko kwenye huo mtandao, watajua hukwenda?" Nikasema hapana, gazeti halikuandika tena, watasoma kwamba nilikwenda. Akacheka kidogo puani, unamjua. Akasema, "Basi angalau huko umefika."

Bado ameegemea. Nimemwacha, sikumvuta. Nimerudi kizingitini.

Nimefikiria hilo alilolisema. Mwanzo nilikuwa nataka nimwombe Mwalimu Dismas aweke alama pale, aandike kwamba huyu Tekla hakuondoka, watu wasidanganywe. Sasa naona aache. Mtu wa mbali asome kwamba watu wa kigango chetu walimwombea binti, maombi yale yalikuwa ya kweli hata kama miguu haikuwa. Na tena sijafa. Huenda siku moja nitashuka, nikukute umekaa kwenye hiyo kompyuta yako, nikwambie nionyeshe jina langu, uweke kidole palepale, usikosee.

Ninachojua mimi si kingi. Darasa la saba na ukuta. Lakini hili nimelilipia: kimya cha mtu usikijaze maneno yako. Utafika mjini utakutana na watu wanaonyamaza, mwenye nyumba atanyamaza, mwalimu atanyamaza, siku moja kijana atanyamaza. Utajisemea moyoni yale unayoyaogopa na utadhani ni wao wamesema. Uliza. Uliza hata kama ni aibu, hata kama utingo anakucheka. Mimi ningeuliza neno moja pale barabarani ningejibiwa viazi.

Na la shamba, usilale nalo macho. Wajomba watasema wanayosema. Nipo mimi kwenye matuta, sina haraka ya kufa. Ukipenda kurudi urudi kwa kuwa umepakumbuka, usirudi kwa kuwa unatuhurumia. Huruma ni mbaya, Skola. Inakufanya uwe mwema huku umebana meno. Mimi nimemtunza bibi yako vizuri, kila mtu anasema, na siku nyingine namchotea uji huku nimekasirika na sijui nimekasirika na nani. Leo ndiyo nimejua hakuwa yeye. Nasikia wepesi mabegani, na pia nasikia kulia, vyote pamoja.

Kama bibi yako ataibana ile karatasi mpaka asubuhi, nenda bila hiyo. Mwambie Mwalimu Dismas imekataa kubanduka, si uongo. Gazeti litakuwa limeondoka bila kuaga, haidhuru, huku kwetu ndivyo watu wanavyoondoka. Lakini wewe uondoke. Mguu ukishauweka kwenye tairi usigeuke kututazama nyuso. Nyuso zetu hazisomeki.

Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, sasa naandika kwa kukisia mstari. Nakusikia kwa mbali, au ni mtoto wa mtu mwingine anayeburuta ndoo.

Bibi yako ananiita. Anasema, "Mama Skola! Maji haya yamepoa, mnataka niwabandulie kwa maji ya mtungi?" Anasema nilete ya moto, nimsogeze, miguu imekufa ganzi, anasema kona ya chini ameshaianza mwenyewe kwa ukucha. Naja, mama! Skola, ukirudi ingia huku kwanza, usipite jikoni, tushike kila mtu kona yake. Na kesho pale barabarani ukiniambia "Mama, nakwenda," mimi nitageuza uso nitazame mlimani, sitakuitikia, nami nitaibana kanga mdomoni, na hicho kimya changu, mwanangu, usikikisie, nakwambia leo kwa maandishi kwamba ni viazi vyako vya safari: nenda.